Saa ya kesi iko mkononi mwa nani?

Kila mara wakili mkubwa wa kampuni anaposimama mbele ya vinasa sauti na kusema kesi za madai zinachukua muda mrefu mno, kwa hiyo taratibu zake zibadilishwe, watu hucheka. "Si ndiye huyuhuyu aliyejenga maghorofa kwa kesi hizohizo?" Swali hilo si la kupuuzwa na nitalirudia mbele. Ila ndani ya kicheko hicho kuna nyuzi tatu zilizojifunga fundo moja: kesi ya madai ni kitu gani, wakili wa mashauri ya biashara anafanya kazi gani hasa, na hayo mageuzi yanayohubiriwa yanageuza nini.

Tuanze na madai. Kesi ya jinai ni serikali inamshtaki mtu kwa kosa, na mwisho wake unaweza kuwa jela. Kesi ya madai ni mtu na mwenzake, au kampuni na kampuni, wamekosana juu ya mkataba, deni, ardhi, mirathi, uharibifu wa mali. Anayepeleka shauri anaitwa mdai, anayejibu ni mdaiwa. Hakuna anayetafutwa hatia hapa. Mahakama inatafuta nani anawajibika kwa nani, na kwa kiasi gani. Hata kipimo cha ushahidi si kimoja: kwenye jinai lazima kosa lithibitishwe pasipo shaka yenye mashiko, kwenye madai inatosha mizani iiname upande mmoja kuliko mwingine.

Hapo ndipo unapozaliwa uvumi wa kwanza, ule wa "nitamfunga huyu, ana deni langu". Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 11, unasema mtu hatafungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Hiyo "tu" ni ndogo lakini inabeba mzigo. Anayeficha mali makusudi, au anayeidharau amri ya mahakama, yuko kwenye habari nyingine kabisa. Ila aliyefilisika na hana kitu hafungwi kwa kufilisika.

Mashauri ya biashara ni tawi moja la madai: mauzo, mikopo, bima, ubia uliovunjika, shehena iliyofika imelowa. Wengi wanamfikiria wakili wake kama mtu wa kunguruma mahakamani, joho likipepea. Kwa kweli sehemu kubwa ya maisha yake ni karatasi. Anapoanza kazi hukabidhiwa maelfu ya barua pepe za mteja na kuambiwa atafute zile tatu zinazoeleza kilichotokea. Miaka inapita akijifunza kuandika hati za madai, kuandika utetezi, kuandika maombi, na kuandika majibu ya majibu ya maombi. Ushindi wake mwingi haufiki hata kwenye hukumu, kwa kuwa kesi nyingi za aina hii huishia kwenye makubaliano ofisini. Anachokijua kuliko mtu mwingine yeyote ni muda: namna ya kuuokoa, na namna ya kuupoteza.

Mfano utasaidia. Kiwanda kidogo cha samani kimepeleka viti 200 hotelini. Hoteli inasema viti 30 vina nyufa, na kwa sababu hiyo hailipi hata kimoja. Mwenye kiwanda anaenda mahakamani. Ukilitazama kwa akili ya kawaida, ugomvi wa kweli uko kwenye viti 30 tu, maana vile 170 hakuna anayevilalamikia.

Sasa angalia kinachotokea. Utetezi wa hoteli unaandikwa kwa mtindo wa kale: mdaiwa anakana kila aya ya hati ya madai na anamtaka mdai athibitishe kila kitu. Viti vyote 200 vimeingia kwenye ubishi. Linafuata pingamizi la awali, kwamba aliyetia sahihi hati hakuwa na mamlaka ya kampuni. Pingamizi linasikilizwa, linatupwa. Hoteli inakata rufaa juu ya pingamizi, na shauri la msingi linasimama kusubiri. Katikati ya hayo kuna siku za kutajwa. Jalada linafunguliwa, mawakili wawili wanasimama, mmoja anasema mwenzake mkuu ana shauri katika mahakama ya juu, hakimu anatazama kalenda, tarehe mpya inaandikwa. Dakika nne, basi. Mwenye viti, aliyefunga kazi siku nzima kuja, anamuuliza wakili wake kwenye korido kama wameshinda.

Katika mlolongo huo hakuna aliyevunja sheria. Kila hatua ina kifungu chake na hakuna hakimu aliyehongwa. Hilo ndilo watu hawalielewi wanaposema kesi inachelewa kwa sababu ya rushwa. Rushwa ipo na ina madhara yake, lakini kesi inaweza kuzeeka kwa njia safi kabisa, tena kwa adabu, huku kila mtu akiitana "msomi mwenzangu".

Halafu kuna hesabu ambayo haisemwi kwa sauti. Muda wote huo fedha ya viti iko kwa hoteli. Ni mkopo ambao mwenye kiwanda hakuwahi kukubali kuutoa. Ikiwa riba ambayo mahakama itatoza siku ya hukumu ni ndogo kuliko riba ya benki, hoteli inapata faida kwa kila siku inayosogezwa mbele, hata kama inajua fika kwamba itashindwa.

Fikiria mpira ambao refa ana filimbi lakini saa wanayo wachezaji. Timu inayoongoza itakuwa na majeruhi wengi sana siku hiyo. Kwenye kesi ya deni, anayeongoza tangu dakika ya kwanza ni yule ambaye pesa iko mfukoni mwake.

Ndivyo mfumo wa mahakama uliotokana na Uingereza ulivyoendeshwa kwa vizazi. Pande mbili ndizo zilizoisukuma kesi, jaji alikaa akisubiri aletewe. Ukivua maneno yote makubwa, mageuzi ya haki ya madai yanataka jambo moja: saa itoke kwa wachezaji iende kwa refa. Mengine yote ni mbinu za kulifikia hilo.

Wakili aliyekuwa akiandika karatasi, akaja kuzifuta

Mfano ninaoupenda ni wa zamani. Mwaka 1891 jaji mmoja wa London, J. C. Lawrance, alipangiwa shauri juu ya gharama za kuokoa meli na shehena: nani kati ya wenye mali abebe kiasi gani. Kwa wafanyabiashara wa bahari hilo ni somo la kila siku. Jaji hakulijua. Shauri lilivutwa kwa siku nyingi, hukumu ikakaa miezi bila kusomwa, na iliposomwa haikumsaidia mtu. Wafanyabiashara walikuwa wameshaanza kupeleka ugomvi wao kwa wasuluhishi binafsi, yaani watu wanaowachagua wenyewe waamue badala ya jaji, na kisa hiki kiliwapa hoja. Jaji Mkuu wa wakati huo, Lord Coleridge, hakutaka kusikia habari ya mahakama maalumu ya biashara. Alifariki 1894, na mwaka uliofuata orodha maalumu ya mashauri ya biashara, ambayo kwa vitendo ndiyo mahakama yenyewe ya biashara, ikaanzishwa London.

Aliyekabidhiwa orodha hiyo ni James Charles Mathew, ambaye kabla ya kuwa jaji alikuwa wakili wa biashara, na sifa yake ilikuwa kuandika hati za kesi. Yaani ule mchezo wa kukana kila aya aliujua kutoka jikoni. Alipokaa kwenye kiti alifanya jambo lililowashtua wenzake wa zamani: alizipunguza hati hizo mno, mara nyingine akaziondoa kabisa, akayaweka kando mapingamizi ya kiufundi, na kuwataka mawakili waseme mapema wanabishania nini hasa. Kwenye viti vyetu angeuliza, "Vingapi vina nyufa?" Wakishajibu 30, vile 170 vinatoka kwenye kesi.

Ndiyo maana nasema lile swali la kicheko lina upande wa pili. Aliyeutumia ujanja kwa miaka ishirini ndiye anayejua umefichwa kifungu gani. Mwanaharakati anaweza kupaza sauti kwamba kesi zinachelewa. Wakili wa biashara anaweza kuonyesha aya, kanuni na siku inayopotea.

Ila tusimpake mafuta kupita kiasi. Mahakama ile ya 1895 ilijengwa kwa ajili ya wenye meli, mabenki na makampuni ya bima. Mwananchi aliyekuwa na deni dogo hakupewa barabara mpya. Hadi leo mawakili wa biashara wanaposema mageuzi, wengine wanamaanisha njia ya haraka kwa wateja wao, na foleni ya wengine ibaki ilivyo. Ukitaka kujua kama mtu ana nia ya kweli, usisikilize hotuba yake. Tazama kama kanuni anazopendekeza zinamgusa mwenye viti 30, au zinaanzia kwenye madai ya mabilioni.

Nani alijaribu nini

Marekani iliweka kanuni mpya za madai kwa mahakama zake za shirikisho mwaka 1938. Kanuni ya kwanza ilitaja shabaha tatu: uamuzi wa haki, wa haraka na wa gharama nafuu. Kanuni zilifungua pia mlango wa kila upande kumwonyesha mwenzake nyaraka alizonazo kabla ya kesi kusikilizwa. Wazo zuri, kwamba mtu asivamiwe na ushahidi wa ghafla. Lakini karatasi zikaongezeka, kompyuta zikaja, na hatua iliyokusudiwa kuleta uwazi ikawa ndiyo inayokula fedha nyingi kuliko zote katika kesi kubwa. Mwaka 2015 ilibidi kanuni zisisitize uwiano: nyaraka unazodai zilingane na uzito wa shauri.

Katikati, mwaka 1990, Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria yenye kipengele ninachokiona kitamu. Kila baada ya miezi sita itolewe hadharani, kwa jina la kila jaji, idadi ya maombi yaliyokaa kwake zaidi ya miezi sita bila uamuzi na kesi zilizozidi miaka mitatu. Jaji wa shirikisho hafukuzwi kirahisi wala mshahara wake haupunguzwi, lakini jina lake kwenye orodha ni jambo jingine.

Sheria hiyohiyo ilizitaka mahakama zitunge mipango ya kupunguza muda na gharama. Taasisi ya utafiti ya RAND ilipotathmini, matokeo yaliwavuruga wengi. Jaji akiishika kesi mapema na kuipangia tarehe, muda unapungua kweli. Lakini saa za kazi za mawakili zinaongezeka, kwa sababu wanalazimika kufanya mapema kazi ambayo, kesi ingeachwa, huenda ingeisha kwa makubaliano kabla haijafanywa. Haraka na rahisi si mapacha. Ukimsikia mtu anaahidi vyote viwili kwa kanuni moja, muulize analipa nani.

Uingereza ilijifunza somo hilo kwa gharama yake yenyewe. Jaji wa ngazi ya juu, Lord Woolf, alitoa ripoti ya awali 1995 na ya mwisho 1996, na tarehe 26 Aprili 1999 kanuni mpya zikaanza kazi. Kesi ziligawanywa katika njia tatu kulingana na ukubwa na ugumu: madai madogo, njia ya haraka, na njia ya mashauri makubwa. Mtaalamu anayeitwa kutoa ushahidi akaambiwa utii wake wa kwanza ni kwa mahakama, si kwa aliyemlipa. Pande zikatakiwa kuandikiana na kubadilishana taarifa kabla hata ya kufungua shauri. Hata neno la Kiingereza la kumwita mdai lilibadilishwa, kutoka "plaintiff" kuwa "claimant", ili mtu wa kawaida alielewe. Malumbano ya kupotezeana muda yalipungua, lakini gharama zikabaki kuwa kidonda, kiasi kwamba jaji mwingine, Rupert Jackson, alipewa kazi ya kuzichunguza. Ripoti yake ilitoka 2010. Kuanzia Oktoba 2023, kwa madai mengi ya hadi pauni 100,000, kiasi ambacho aliyeshinda anaweza kurudishiwa na aliyeshindwa kinafuata jedwali lililopangwa. Wakili anaweza kumtoza mteja wake zaidi, lakini ziada hiyo haimwangukii tena mwenzake.

India ilichagua njia kali. Kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Biashara ya 2015, mdaiwa katika shauri la biashara asipoleta utetezi ndani ya siku 120 tangu apewe wito, anapoteza haki ya kuuleta. Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2019 kwamba ukomo huo hauna huruma. Tanzania iliingiza mwaka 1994 utaratibu wa kuyapangia mashauri ya madai mojawapo ya njia nne, fupi kabisa ikiwa miezi 10 na ndefu miezi 24, kisha 1999 ikaanzisha Divisheni ya Biashara ya Mahakama Kuu. Kenya, kwa Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya 2016 kama ilivyorekebishwa baadaye, ilitaka shauri la aina hiyo limalizike ndani ya siku 60.

Utaona kila nchi inaandika namba. Namba bila mtu wa kuisimamia ni pambo la ukutani. Hakimu mwenye majalada yanayomfika kifuani atatoa ahirisho hata kanuni ikikataa, kwa sababu njia nyingine ni kusikiliza kesi sita kwa wakati mmoja.

Yanayosemwa vijiweni

"Waongezwe majaji, yaishe." Wanahitajika, sibishi. Ila ukiongeza marefa huku saa ikibaki kwa wachezaji, utapata mechi nyingi zaidi zisizoisha.

"Siku hizi kila kitu kiko mtandaoni, kwa hiyo mageuzi yameshafanyika." Kufungua shauri kwa kompyuta kunaokoa safari na kunapunguza majalada kupotea, jambo lisilo dogo kwa aliyewahi kuambiwa jalada halionekani. Lakini foleni iliyohamia kwenye kompyuta bado ni foleni.

"Kukubali upatanishi ni kukiri una kesi mbovu." Huu ndio uvumi unaoumiza zaidi. Mpatanishi hatoi hukumu, anawasaidia wenyewe wafike mahali. Kwa mwenye kiwanda, mahali hapo panaweza kuwa kulipwa viti 170 wiki ijayo na kuvirekebisha vile 30, matokeo ambayo jaji hana uwezo wa kuyatoa kwa urahisi, kwa sababu hukumu hujua kulipa na kutolipa. Swali gumu ni kama mahakama iweze kumlazimisha mtu kukaa mezani. Uingereza kwa miaka mingi majaji walisita, hadi Mahakama ya Rufani iliposema Novemba 2023 kwamba inawezekana mradi mlango wa mahakama usifungwe. Mei 2024 madai mengi madogo ya fedha huko yalianza kupitishwa kwanza kwenye saa moja ya upatanishi kwa simu, bila malipo. Binafsi sina tatizo na kulazimishwa kukaa. Tatizo ni kulazimishwa kukubali, na mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba mbele ya mpatanishi mwenye haraka na mdai mwenye njaa.

Sasa lile swali la maghorofa. Ndiyo, wakili anayelipwa kwa saa ananufaika kesi ikirefuka. Hakuna haja ya kulizunguka. Ndiyo maana mageuzi yasiyogusa namna mawakili wanavyolipwa huishia kwenye sherehe ya uzinduzi. Lakini mteja wa biashara hana upande mmoja wa kudumu: leo anadai, kesho anadaiwa, na ujanja alioufurahia jana unamrudia. Akichoka anahamisha ugomvi wake kwa wasuluhishi binafsi, kama wale wenye meli wa London. Wakili anayejiona na miaka thelathini mbele yake ana sababu ya kuzitaka mahakama zenye watu. Nia njema ikiongezeka juu ya hapo, heri, ila mimi ningeanza na maslahi, kwa kuwa yanahesabika.

Kuna kitu kimoja ambacho makamati ya mageuzi, yaliyojaa watu wazuri wa kubishana, huelekea kukiacha mwishoni mwa ripoti. Tuseme mwenye viti amepata jaji mwenye saa. Ubishi umepunguzwa hadi viti 30, mtaalamu mmoja amevikagua, hukumu imesomwa kabla mwaka haujaisha. Hoteli inatakiwa kulipa. Hoteli hailipi. Mahakama haiendi kumchukulia mtu pesa kwa hiari yake. Aliyeshinda ndiye anayetakiwa kuomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu, na kwa ajili hiyo ajue hoteli ina akaunti benki gani, gari lipi limeandikwa kwa jina lake, na kama jengo lile si la kampuni nyingine yenye wakurugenzi walewale. Maombi yanaandikwa, yanapewa namba mpya, na karani anamwambia tarehe ya kutajwa.